Siku Ambayo Hatukuitikia

Nilipokuwa darasa la pili mwalimu alinituma nje nikapenge kamasi, na sikurudi.

Ndivyo nilivyoacha shule. Wenzangu wana sababu za maana, huyu baba yake alikufa, yule alitakiwa kuchunga. Mimi ni kamasi. Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao ukungu wa Mbulu unakaa mpaka saa nne na ng'ombe wanatoka zizini wanafuka moshi mgongoni. Mwalimu alikuwa anatufundisha mwandiko wa kuunganisha. Kabla ya hapo tulikuwa tunaandika herufi zimesimama moja moja, kila moja na nafasi yake, na mimi hizo nilikuwa naziweza. Sasa akasema zishikane mikono. Akaandika neno ubaoni, nikaona mstari mmoja tu unapindapinda kama njia ya ng'ombe. Nikautazama mpaka pua ikaanza kuchuruzika. Akaniambia, "Wewe, toka, penga, urudi."

Nikatoka, nikapenga kwa jani. Nikamwona punda wetu anashuka mteremko na magunia mawili, baba nyuma yake na fimbo begani. Nikaenda. Sikukimbia, nilitembea tu. Baba akaniuliza, "Shule imekwisha?" Nikasema imekwisha. Hakuuliza tena, na hakuna mtu aliyekuja kunitafuta.

Punda yule nisimpite hivihivi, maana alikuwa na tabia. Tulikuwa tunakwenda naye mpaka upande wa Gendabi kubadilisha mahindi kwa chumvi ya magadi, kwa wafugaji wa kule ambao baba alikuwa na urafiki nao. Akifika kwenye maji, hata maji ya kulowesha kwato tu, anasimama analia. Wenye punda wengine wanachapa. Baba hachapi. Baba anamngoja amalize, halafu anamwitikia, "Eeh!" Punda anavuka. Mimi nilidhani ni uchawi. Kumbe baba alikuwa mtu wa kuitikia tu. Radi ikipiga anaitikia. Bundi akilia anaitikia. Mama alikuwa akisema, "Siku moja huyu mtu ataitikia mlango ukigonga kwa upepo, aingize wezi."

Sababu ni kwamba baba alikuwa mwitikiaji wa wazee. Kwetu wazee wakikaa kuomba mvua, au kuombea boma, mmoja anasema maneno, na kila akikata pumzi watu wote wanaitikia kwa pamoja. Ombi lisiloitikiwa halijaombwa. Linaanguka hapohapo chini. Na watu hawaitikii ovyo, kuna mtu mmoja mwenye sauti anatangulia nusu nukta, wengine wanamfuata. Huyo ndiye alikuwa baba yangu, na baadaye nikawa mimi. Alinifundisha na sheria yake. Mzee mwenye maneno akiwa hai, na amekaa hapo mbele yenu, mtu mwingine haokoti maneno yake nyie mkaitikia. Mkiitikia, mmemzika anawaona.

Sheria hii msomaji aishike. Mimi niliishika sana, na ndiyo iliyoniponza.

Sasa bendi. Pale Dongobesh palikuwa na bendi. Nasema palikuwa. Leo ukienda kwenye ule uwanja nyuma ya mnada utakuta wameanika mahindi, na dramu kubwa iko kwa mama mmoja anafugia vifaranga. Walikuwa watu wanne, gitaa mbili, dramu na mwimbaji, na spika moja kubwa iliyopasuka. Hiyo spika ndiyo iliyofanya muziki ule uwe vile. Gitaa likipigwa halilii, linanguruma, kama lori linapanda mlima na gia ya kwanza. Wangeweza kuitengeneza, wakakataa. Bwana shamba mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya huko chini alisimama siku ya kwanza, akaweka baiskeli chini, akasema, "Jamani, hii ni roki kabisa! Nani kawafundisha roki huku?" Hakuna aliyetufundisha. Ni spika.

Mwimbaji alikuwa mwenye bucha. Mtu mnene, shingo fupi, asubuhi anakata nyama, na siku ya mnada mchana, ng'ombe wakishauzwa, anavua koti jeupe anapanda juu ya kreti. Sauti yake sijui niisemeje. Ilikuwa na mchanga ndani. Kazi yetu sisi wapenzi wa bendi ilikuwa ileile ya wazee. Yeye anaimba mstari, gitaa zote zinanyamaza, dramu inanyamaza, panabaki mwanya mtupu kabisa, na ule mwanya ni wetu. Tunaujaza. Watu mia tatu, wanaume na wanawake, wenye vitunguu saumu mkononi, wenye kamba ya ng'ombe mkononi, "Eeh, ni sisi!" Halafu gitaa zinarudi zinanguruma. Ndiyo maana nasema ile haikuwa bendi ya watu wanne. Na mimi nilisimama upande wa kushoto, karibu na spika, natangulia nusu nukta. Sikio langu la kulia mpaka leo halisikii vizuri. Sijuti hilo.

Miaka zaidi ya ishirini tuliishi hivyo. Halafu mwenye bucha akaanza kukohoa. Tukasema vumbi. Akapelekwa hospitali kubwa, akakaa mvua nzima. Aliporudi alikuwa amekonda, na hapa chini ya shingo alikuwa na tundu la kupumulia, amelifunika na leso. Sauti walikuwa wameitoa pamoja na ugonjwa. Hakubaki hata na mnong'ono, isipokuwa upepo tu unaopita kwenye leso. Akitaka kitu anaandika kwenye daftari dogo analoning'iniza kiunoni pale kilipokuwa kisu.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona nilikaa kwenye kigoda nikaongea mimi peke yangu, nikaongea mvua, nikaongea bei ya mbolea, nikaongea upuuzi. Akaandika kitu, akanionyesha. Nikaona njia ya ng'ombe. Alikuwa na mwandiko mzuri wa mtu aliyemaliza la saba enzi zile, umeshikana wote. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Kweli kabisa, ndugu yangu." Sikujua ni kweli kitu gani. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nasoma mabango, nasoma kitabu cha nyimbo cha kanisani kwa kidole, na yeye alikuwa ananijua kama mtu anayejua kusoma. Ningemwambiaje?

Alimtafuta yeye mwenyewe mtu wa kushika nafasi yake. Hili ni muhimu, maana wengine walisema bendi ilimtupa. Haikumtupa. Alimchagua mwalimu wa shule ya msingi, kijana Mwislamu kutoka pwani, mpole, anakusalimia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara na anangoja uitikie ndipo apite. Mwalimu aliwahi kuimba shuleni siku ya kufunga, mwenye bucha akasikia kutoka buchani. Sauti ya mwalimu ilikuwa safi. Ilikuwa juu, na imenyooka. Haikuwa na mchanga hata punje.

Hapo ndipo tukagawanyika.

Vijana wa bodaboda walimpenda tangu siku ya kwanza. Wengine walikuja na pikipiki kutoka Gendabi na Masieda kwa ajili yake. Mama mmoja muuza mandazi alisema, "Mimi kwa mara ya kwanza nimesikia maneno ya wimbo. Yule wa kwanza nilikuwa nasikia mngurumo tu." Wakamzomea, nusura wamwage mafuta yake. Wanaume wa rika langu wakasema mwalimu anaimba kama anasoma taarifa ya habari. Mmoja akapaza sauti katikati ya wimbo, "Mwalimu, hapa si darasani! Tutapigiwa kengele saa ngapi?" Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema kwenye maiki, "Kengele ikilia, mzee, wewe utabaki kufagia." Tukampenda kwa hilo, kwa dakika mbili hivi. Halafu kijana mmoja akawajibu wazee kwa ubaya, "Kwani mnataka nini? Mnataka yule aimbe kwa tundu?"

Mwenye bucha alikuwa amekaa palepale, juu ya kreti yake ileile, mbele ya bendi. Alisikia. Aliangalia viatu vyake.

Nimwambie msomaji ukweli wangu, maana sasa sina cha kuficha. Mimi nilimpenda mwalimu. Walikuwa wanafanya mazoezi kwenye ghala nyuma ya bucha, na mimi nilikuwa napita hapo na mzigo wangu wa vitunguu saumu, nautua nikijidai nimechoka. Anaimba mstari, gitaa zinanyamaza, na mimi nje ukutani naitikia kwa kunong'ona. "Eeh, ni sisi." Naangalia huku na huku kama mwizi. Siku moja bwana shamba akanikuta. Akasema, "Mzee, shikamoo. Unaongea na nani?" Nikasema nasali.

Lakini uwanjani sikuitikia. Mwenye maneno alikuwa hai, amekaa mbele yetu. Kila nilipomtazama niliiona sheria ya baba. Nikiitikia nimemzika. Na kwa sababu mimi sikutangulia, wengi hawakufuata. Vijana walijaribu, lakini hawakuwa wamezoea, mmoja anaanza mapema, mwingine anachelewa, inatoka kama mbwa wanabweka vijiji viwili. Mwanya ukawa unabaki wazi. Mpiga besi alikuwa ananiangalia kila mara na macho ya kuuliza. Mimi naangalia spika.

Na tulijiona watu wema! Tulikuwa tunaondoka pale tunaambiana, "Tumemheshimu mzee." Mmoja alikuwa na nyimbo za zamani kwenye simu, zile za kaseti waliyokwenda kurekodi Babati, anaziweka kwa sauti barabarani makusudi mwalimu asikie. Mwenye bucha akizisikia alikuwa anafanya mkono hivi, zima, zima. Tukasema anaumia kusikia sauti yake. Wala haikuwa hivyo. Mkewe, ambaye namwita shemeji, aliniambia baadaye sana, tukiwa tunapukuchua mahindi kwake.

"Shemeji, ile kaseti aliichukia tangu siku ya kwanza," alisema. "Waliimba wao wanne tu ndani ya chumba kimebandikwa magodoro. Pale penu pa kuitikia hamna mtu. Ni kimya. Alikuwa akisema, ni kama kuongea na ukuta."

Basi ndiyo hivyo. Ya sauti yake alishayamaliza mwenyewe huko hospitali. Alichokuwa anakitaka ni sisi. Alitaka kukaa chini mara moja, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa juu ya kreti, asikie kile kitu kinamjia. Ndiyo maana alimtafuta mtu wa kuimba. Mwalimu alikuwa kama fimbo ya kutikisia mti, matunda ni sisi.

Nilijua haya yote kabla. Yaani nilikuwa nayo mfukoni.

Asubuhi ya mnada wake wa mwisho alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, na kutoka kwake mpaka kwangu ni kupanda. Alifika anapumua kwa leso, nikaogopa. Nikampa kigoda. Hakukaa. Akachana karatasi kwenye daftari, ilikuwa imeshaandikwa, imekunjwa mara mbili, akaniwekea mkononi akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikaikunjua mbele yake. Mistari minne ya njia ya ng'ombe. Akanitazama machoni. Nikajua ni kitu kikubwa, na nikajua kwamba hapa ndipo pa kusema, ndugu yangu, mimi mwandiko huu siujui, nionyeshe kwa mikono, au twende kwa shemeji anisomee. Maneno hayo ni machache. Mtoto anayaweza.

Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Nimeelewa."

Akacheka. Sauti haikutoka, lakini mabega yalicheka. Akanipiga begani, akashuka mlima.

Shemeji ndiye aliyenisomea, siku ile ya mahindi, baada ya kuniuliza, "Alikuandikia, shemeji. Kwa nini ulimfanyia vile?" Nikaitoa, ilikuwa bado kwenye koti, imechakaa kwenye mikunjo. Ilisema hivi: "Leo mwalimu ataimba ule wa maksai. Nakuomba utangulie kuitikia, wengine watakufuata wewe. Msiogope kwa ajili yangu. Nataka kuusikia nikiwa nimekaa." Nikamwomba anisomee tena. Akasoma. Nikamwambia sikujua kusoma. Gunzi likabaki mkononi mwake. Akasema, "Miaka yote hii?" Akarudi kupukuchua. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Sasa nitasema ilivyokuwa uwanjani, halafu basi.

Mnada ulikuwa mkubwa, watu wamevuna. Saa tisa hivi jua kali, jenereta inatikisika juu ya matofali. Mwenye bucha alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na leso mpya, ya bluu. Alikuwa amegeuza kreti yake. Siku zote alikuwa anakaa anaangalia bendi kama sisi, siku ile aliiweka anatuangalia sisi watu. Nikaona. Nikasema moyoni, amechoka kumtazama mwalimu. Unaona mtu mjinga anavyojua kuelewa mambo.

Mwalimu akatusalimia, akasema, "Wimbo huu si wangu. Nimeombwa kuuimba. Mwenyewe yupo hapa." Wazee wakanung'unika. Mmoja nyuma yangu akasema, "Sasa huu nao wanauchukua? Si wangemwachia hata mmoja?" Mwingine akanigusa mgongoni, "Usithubutu." Nikamjibu, "Nithubutu nini? Mimi sina wazimu."

Gitaa likanguruma. Wimbo wa maksai ni wa kulima, mwimbaji anauliza, watu wanajibu. Mwalimu akaanza vizuri, kwa sauti yake iliyonyooka.

"Nani amefunga nira kabla ya jua?"

Gitaa zikanyamaza. Dramu ikanyamaza. Mwenye bucha akainua uso, akafunga macho.

Kimya. Jenereta tu. Ng'ombe mmoja kule mnadani.

Alifumbua macho akanitafuta, akaniona. Akainua kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake, ni zamu yako, umesahau. Mimi nikaona ananishukuru. Wallahi, ndivyo nilivyoona. Nikamwinamishia kichwa kwa heshima.

"Nani amelima mpaka bondeni?"

Kimya. Kijana mmoja wa pikipiki akajaribu, "Eeh, ni si..." wazee wakamgeukia, akaumeza. Mwenye bucha alikuwa amesimama nusu, mikono kwenye magoti, ananiangalia. Sasa hakuwa anainua kidevu. Alinyoosha mkono wake kunielekea, kiganja juu, kama mtu anayeomba maji. Nikawa sielewi tena. Nikaweka mkono kwenye koti, nikaigusa ile karatasi. Nikafikiri, labda. Koo langu likafunguka, naapa lilifunguka, nilikuwa na pumzi tayari ndani. Yule wa nyuma akanigusa tena mgongoni.

"Nani atakula, mvua ikipita?"

Huu ndio mwanya mrefu kuliko yote. Alikuwa ameutengeneza yeye mwenyewe, miaka ile, kwa ajili yetu. Mpiga besi aliuacha mrefu zaidi siku ile, akiningoja. Watu wote waliokuwa pale hakuna aliyekohoa. Nikasikia upepo unaingia na kutoka kwenye ile leso ya bluu, kutoka hatua sita, kwa sikio langu moja zima.

Nikafunga mdomo.

Alisimama. Akafuta suruali vumbi. Kreti aliigeuza ikatazama bendi kama inavyotakiwa, akaisukuma kwa mguu ikae sawa. Akapita katikati ya watu, nao wakampisha wakidhani anakwenda kujisaidia, mmoja akamwambia, "Mzee, tumekushikia nafasi." Mwalimu akaacha wimbo. "Mzee! Mzee wangu!" aliita kwa maiki, na ile spika iliyopasuka ikaufanya mwito wake uwe na mchanga, kwa mara ya kwanza.

Hakugeuka. Alishika njia ya ng'ombe inayozunguka nyuma ya mnada, akatembea taratibu, shati jeupe, akapinda pale inapopinda, na hakurudi tena.